Mwenyeji wa Njia Moja

Majarida ya usafiri yana ahadi moja yasiyochoka kuitoa: tembelea Lyon, au Marseille, au Paris, kama mwenyeji. Kwa Paris ahadi hiyo inatimizika kwa kiasi fulani. Metro yake ilianza kazi mwaka 1900, kila njia ina namba na jina la kituo cha mwisho, na mji wenyewe umegawanywa mitaa 20 inayohesabiwa kwa mzunguko kuanzia katikati. Mgeni mwenye ramani na tikiti anaweza kushuka anakotaka bila kumsemesha mtu. Kinachobaki ni kujua mkate mzuri unauzwa wapi.

Nairobi ilianza mwaka mmoja kabla ya metro hiyo, 1899, kama kambi ya reli ya Uganda, na mpaka leo haisomeki namna hiyo. Basi swali ni hili: mwenyeji wa Nairobi anajua nini ambacho mgeni hakijui? Jibu la haraka ni kwamba anaujua mji. Si kweli. Mwulize mkazi wa Umoja akueleze namna ya kutoka Kileleshwa hadi Kangemi bila kupitia tao, yaani katikati ya mji, utamwona akikuna kichwa. Mwulize wa Kangemi habari za Donholm, atakwambia ana binamu huko, basi. Anachokijua mwenyeji ni njia moja: ya kutoka nyumbani hadi tao na kurudi, pengine na kipande cha kazini. Njia hiyo anaijua kwa mashimo yake, bei zake na saa zake. Akitoka nje ya hapo naye ni mgeni, ila ni mgeni aliyezoea kuuliza.

Hili halitokani na uvivu. Limetokana na usafiri ulivyojipanga. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia za Marekani, walitoa ramani ya matatu, magari madogo ya abiria, iliyochorwa kwa mtindo wa ramani za metro. Walikuwa wamepanda magari wakiwa na simu mkononi, wakirekodi kila kituo, mpaka wakapata njia zaidi ya 130. Ramani ilikuwa nzuri kuitazama, na ilithibitisha jambo ambalo abiria walikuwa wakiliishi: karibu njia zote zinaanzia tao na kutawanyika nje kama vijiti vya mwavuli. Vijiti hivyo havigusani. Anayetaka kutoka kimoja hadi kingine hurudi katikati, ashuke, atembee, apande upya na alipe upya.

Ndiyo maana naona ushauri wa kumwandikia mgeni orodha ya sehemu ishirini za kutembelea haufai kitu hapa. Mwenye orodha ataishia kwenye teksi, atauona mji kupitia kioo kilichofungwa, na jioni atasema Nairobi ni msongamano. Afadhali achague njia moja aimalize. Kwa upande wa magharibi nachagua mbili, 46 ya Kawangware na 23 ya Kangemi, na kati ya hizo 46 ndiyo yenye mafunzo zaidi.

Lakini mtu hupandia tao, na tao lina elimu yake. Steji za Nairobi hazikai pahali palipoandikwa jina. Zinaitwa kwa majengo, na mengine kazi yake ya awali ilishakwisha. Odeon ilikuwa sinema. Khoja ni jamatkhana ya Waismailia iliyojengwa miaka ya 1920. Kencom ni jumba la ofisi. OTC ilikuwa kampuni ya mabasi, na vijana wanaoitaja leo hawajawahi kuliona basi lake hata moja. Hoteli ya Hilton ilifunguliwa 1969 ikafungwa mwisho wa mwaka 2022, na bado watu wanapatana “pale Hilton”. Serikali ya kaunti nayo huhamisha steji mara kwa mara, kwa hiyo usimwamini aliyekuelekeza mwaka jana. Muulize muuza magazeti, au yule kijana anayeuza maji na njugu karanga katikati ya magari, maana yeye ndiye anayeshinda hapo. Muulize kwa adabu ya hapa: “Samahani kaka, 46 siku hizi zinabebea wapi?” Atakuonyesha kwa kidevu, mikono ikiwa imejaa bidhaa.

Halafu kuna mpaka ambao haumo kwenye ramani yoyote. Moi Avenue inakata tao vipande viwili. Upande wa magharibi ni Kimathi Street, Kenyatta Avenue, mabenki, vioo, na sanamu ya mpigania uhuru Dedan Kimathi iliyozinduliwa 2007. Upande wa mashariki ni Tom Mboya Street, River Road, Luthuli Avenue ya redio na spika, Kirinyaga Road ya vipuri, na Nyamakima ya nafaka na magari ya Naivasha na Nakuru. Chai ile ile na mandazi yale yale hubadilika bei kwa kuvuka barabara. Kwenye mpaka wenyewe limesimama jengo la Nyaraka za Taifa, watu wanaloliita Archives, lililojengwa 1906 likiwa benki. Mbele yake ndipo Nairobi nzima hupeana miadi. Wengi wanaosimama hapo wakitazama saa hawajawahi kuingia ndani, na ndani mna mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya. Hatua chache kutoka hapo, kwenye Moi Avenue hiyo hiyo iliyokuwa ikiitwa Government Road, ndipo waziri Tom Mboya alipouawa kwa risasi Julai 1969. Sanamu yake ilisimamishwa karibu na hapo mwaka 2011.

Jambo la mwisho la kujua kabla ya kupanda ni saa. Nauli ya matatu si ya umbali peke yake. Ni ya umbali, saa na mawingu. Saa nne asubuhi makanga anakubembeleza uingie. Saa kumi na mbili jioni, matone mawili yakianguka, bei ile ile imepanda na yeye hakutazami usoni. Mwenyeji halalamiki sana. Anasubiri, anaingia kwenye kibanda kunywa chai, au anatembea steji mbili mbele ambako gari linashusha watu. Uliza bei kabla ya kukanyaga ngazi, na toa noti ndogo. Makanga anayedaiwa chenji ana njia elfu za kukusahau.

Sasa 46. Inatoka tao kwa Kenyatta Avenue, inavuka Uhuru Highway, inaacha Uhuru Park na kanisa la All Saints, kisha inapanda Valley Road. Zingatia neno kupanda. Tao liko kwenye kimo cha kama mita 1,660 juu ya bahari, na magharibi yote ni mwinuko: ukifika pande za Kabete umepita mita 1,800. Baridi ya Julai huko ni nyingine. Udongo nao unabadilika. Mashariki ya mji ni udongo wa mfinyanzi mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, mbaya kwa msingi wa nyumba na mbaya kwa viatu. Magharibi ni udongo mwekundu wa volkeno, unaopitisha maji na kuotesha chochote. Watawala wa kikoloni walilijua hilo mapema. Wazungu walijigawia mwinuko na wekundu, Wahindi wakapata Parklands na viunga vyake, na Waafrika wakaruhusiwa kukaa mashariki kwenye weusi, tena kwa kibali. Sheria hizo zilifutwa zamani, lakini mtu anaweza bado kukisia mwenzake anakaa wapi kwa kutazama rangi ya matope ya viatu vyake.

Gari linafika Hurlingham na kushika Argwings Kodhek Road. C.M.G. Argwings-Kodhek alikuwa miongoni mwa mawakili wa kwanza Waafrika nchini na waziri wa mambo ya nje, akafa Januari 1969 kwa ajali ya gari kwenye barabara hii hii, ilipokuwa ikiitwa Hurlingham Road. Abiria wengi hutamka jina lake mara mbili kwa siku kama jina la steji tu. Baada ya hapo ni Yaya, na Kilimani ya maghorofa: nyumba za zamani zilizokuwa na bustani ya nusu ekari zimebomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pa familia moja pamesimama vyumba vya familia sitini. Kila jengo lina geti, kila geti lina soja, kila soja ana daftari. Andika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, saa ya kuingia. Hakuna mji niujuao ambao mtu huandika jina lake mara nyingi hivi bila kusaini mkataba wowote.

Valley Arcade ndipo gari linaposhika Gitanga Road na kuingia Lavington, na hapa mtembezi atashangaa kwa jambo ambalo mwenyeji halioni tena. Barabara ina miti, ina ua mrefu, ina kuta zenye nyaya za umeme, na haina watu waliosimama. Hakuna benchi. Anayetembea polepole akitazama nyumba ataulizwa na soja anamtafuta nani. Wanaotembea Lavington ni wale walio kazini au wanaokwenda kazini, na mwendo wao unaonyesha hivyo.

Hapa pia ndipo Wafaransa wanapoingia kwenye hadithi yetu bila kulazimishwa. Mwaka 1899, reli ilipofika tu, Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lenye asili ya Ufaransa ambalo lilikuwa limekaa Zanzibar na Bagamoyo kwa miaka mingi, walifungua misheni ya Mtakatifu Austin upande huu wa mji. Walipanda kahawa, na kilimo cha kahawa cha pande za Nairobi kina mizizi yake katika shamba lao. Kanisa lipo. Barabara iliyobeba jina la misheni hiyo leo inaitwa James Gichuru, kwa heshima ya aliyemshikia Jomo Kenyatta uongozi wa chama cha KANU mwaka 1960 alipokuwa bado kizuizini. Wanaokunywa kahawa kwenye migahawa ya Lavington wanainywa mahali ilipokuwa ikichumwa.

Kisha, katika mwendo wa dakika chache, Lavington inakwisha. Haipungui kidogo kidogo, inakatika. Ukuta wa mwisho, kona, halafu mabati, vibanda, muziki, moshi wa mahindi, mafundi viatu, na watu wamejaa barabara nzima. Umefika Kawangware. Wageni huandika kwamba huu ni utajiri na umaskini bega kwa bega, wakaishia hapo. Maelezo yenyewe ni ya kisheria zaidi. Mstari huo ulikuwa mpaka wa mji. Lavington ilikuwa ndani ya Nairobi ya kikoloni, yenye mipango na masharti ya ukubwa wa ploti. Kawangware, Kangemi na Dagoretti zilikuwa katika eneo la hifadhi ya Wakikuyu wa Kiambu, nje ya mji. Ardhi iligawanywa kwa familia na kupewa hati wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ikapanuliwa hadi karibu kilomita za mraba 690, na mashamba hayo yakajikuta mjini usiku mmoja.

Kwa hiyo Kawangware si Kibera, ingawa magazeti huziweka pamoja. Kibera ni ardhi ya serikali, na mwenye nyumba huko hana hati. Kawangware, kwa sehemu kubwa, ni shamba la babu fulani lililogawanywa kwa wana na wajukuu, kila mmoja akajenga vyumba vya kupangisha kadiri ya mfuko wake. Aliyekuwa na kidogo alijenga mabati, aliyepata mkopo akajenga mawe, na mjukuu aliyekwenda shule amejenga ghorofa sita zenye baraza za kuanikia nguo. Wapangaji wengi wametoka Magharibi ya Kenya, na ndiyo maana Jumamosi ya mechi ya AFC Leopards hapa huhitaji redio kujua matokeo. Sehemu za mtaa zenyewe zimechukua majina ya namba za matatu: mtu anakaa “46”, mwenzake anakaa “56”. Mpangaji anaanza na njia, nyumba inakuja baadaye.

Ukishuka, nenda kwa mama mboga saa kumi na moja jioni umtazame akikata sukuma. Anaviringisha majani kumi hivi kwenye ngumi ya kushoto, kisu kinapita mbele ya vidole bila yeye kukitazama, nyuzi za kijani nyembamba zinaanguka kwenye sinia, na wakati huo huo anamjibu mteja wa pili bei ya nyanya na kumfokea mtoto. Hiyo huduma ya kukatiwa ndiyo inayomwezesha mtu aliyetoka Lavington kwa miguu baada ya saa kumi za kazi kupika kabla giza halijaingia. Hapo pembeni kuna muuza mutura, soseji ya kienyeji: ubao, kisu, chumvi, kachumbari, na wateja wamesimama wakila bila sahani. Mwambie kiasi cha pesa ulichonacho, naye atakata kinacholingana. Hakuna anayeulizia kwa gramu. Simu ya kupiga picha iache mfukoni mpaka uombe ruhusa, si kwa woga wa wezi tu bali kwa sababu watu wa hapa wamepigwa picha za umaskini vya kutosha.

Njia ya 23 nitaipitia kwa haraka, maana sehemu kubwa yake imefichwa chini ya saruji. Inapita Museum Hill, Chiromo, Westlands, kisha Waiyaki Way. Juu ya kichwa ni barabara ya kulipia ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi James Gichuru, iliyofunguliwa 2022. Matatu nyingi hubaki chini, kwenye kivuli chake, na abiria husikia magari ya wenye haraka yakinguruma juu. Wakati wa ujenzi mamia ya miti yalikatwa, lakini mugumo mmoja mkubwa hapo Westlands uliokolewa kwa amri ya rais mwaka 2020 baada ya wananchi kupiga kelele. Uutazame ukipita. Kangemi yenyewe ina historia ya ardhi kama ya Kawangware, ina soko lenye bei nafuu kuliko Westlands iliyo mwendo wa dakika kumi, na ina parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi ya Wajesuiti, ambako Papa Francis alifika Novemba 2015. Desemba ikikaribia, mabasi ya Kakamega na Busia husimama hapa kando ya Waiyaki Way kubeba watu ambao hawana haja ya kurudi tao ili waende nyumbani.

Umeziona njia mbili. Kati ya Kangemi na Kawangware kuna kilomita chache tu, na hapo ndipo mgeni anaweza kumpita mwenyeji. Magharibi ya Nairobi ni migongo ya vilima iliyotenganishwa na mabonde ya Mto Nairobi, Kirichwa na vijito vingine. Barabara kubwa zilifuata migongo kutoka tao, kwa hiyo kuvuka bonde kwa gari ni mzunguko mrefu. Kwa miguu kuna vichochoro vinavyoteremka hadi kijito, kidaraja cha mbao au mawe, na kupanda ng’ambo. Vijakazi, mafundi na wanafunzi huvitumia kila asubuhi. Havimo kwenye ramani ya 2014 kwa sababu hakuna matatu inayopita. Viulizie mchana, upite na watu, na usivitumie usiku. Hili la usiku sina mzaha nalo.

Anayependa kutembea bila kuulizwa anatafuta nani ana sehemu mbili za uhakika. Arboretum, iliyoanzishwa 1907 kwa ajili ya kujaribu miti ya reli, iko kwenye State House Road, inaingiwa kwa ada ndogo na Jumapili hujaa makwaya na wapendanao. City Park iko Parklands, ina tumbili wasio na haya, na ina makaburi mawili ya kuyatafuta: la Pio Gama Pinto, mwandishi na mbunge aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands tarehe 24 Februari 1965, na karibu yake la Joseph Murumbi, aliyefariki 1990 na kutaka azikwe jirani na rafiki yake. Ukiwa umeuona mkusanyo wake pale Archives, kaburi hilo litakuwa na maana nyingine.

Kwa anayeuliza aanzie wapi: panda 46, Jumamosi, saa tatu asubuhi, ukiwa na noti ndogo na kitambulisho. Kaa dirishani upande wa kushoto, usishuke mpaka makanga aseme gari limefika mwisho, kunywa chai Kawangware, kisha urudi kwa miguu hadi Valley Arcade kabla ya saa sita jua halijawa kali.